Kibanja cha Baba na Deni la Ukoo

Kibanja, shamba letu la migomba, hakikuota chenyewe. Mgeni anayepita Muleba, akaona migomba imenona, mibuni chini yake na maharage katikati, anaweza kudhani Mungu alitupendelea udongo. Udongo tuliopewa ni ule wa rweya, mbuga ya nyasi, ardhi iliyooshwa na mvua ikabaki dhaifu. Kibanja kilitengenezwa na watu: samadi ya ng'ombe iliyobebwa kwa vikapu, nyasi zilizokatwa rweya zikatandazwa kwenye migomba, maganda, majivu, kizazi baada ya kizazi. Kiache miaka michache bila mbolea, utaona mikungu inavyosinyaa. Bibi mzaa baba alibeba nyasi hizo kichwani mpaka uzee ulipomzuia. Amezikwa humo humo, pamoja na babu, pamoja na baba yetu.

Kwa hiyo simshangai anayelia kibanja kinapouzwa. Mdogo wangu wa kiume ameuza fungu lake, lile la chini linalopakana na barabara, na ukoo umekaa kikao juu yake. Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa katika usharika wetu, basi wakanitaka niseme dini inasemaje: mrithi ana haki gani mbele ya Mungu ya kuuza kitu ambacho marehemu walikitolea jasho na ambacho watoto wasiozaliwa bado wanakingojea?

Baba mdogo alikuwa amekwisha jibu. Alifungua Biblia kwenye habari za Nabothi, aliyekataa kumpa mfalme Ahabu urithi wa baba zake, akapigwa mawe. "Yule alikufa," akasema, "na huyu ameuza kwa hiari yake." Watu wakaitikia kwa vichwa. Namheshimu baba mdogo, lakini andiko lile halibebi mzigo aliolitwika. Ahabu alikuwa na jumba la kifalme Yezreeli na alitaka shamba la mizabibu la jirani ili apande mboga. Nabothi hakuwa na njaa katika habari ile, wala hatuambiwi kwamba alikuwa na mgonjwa kitandani. Dhambi inayohukumiwa pale ni ya mwenye nguvu aliyemnyang'anya mnyonge. Ukilichukua neno hilo ukamchapia maskini, umejiweka upande wa Ahabu.

Mke wa mdogo wangu ana ugonjwa wa figo. Husafiri hadi Mwanza kusafishwa damu, na kila safari ni nauli, ni dawa, ni malipo ya hospitali. Kabla ya kuuza, mdogo wangu aliwazungukia ndugu wote. Aliwaendea wazee. Aliwapigia simu walioko Dar es Salaam. Akaandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, akajibiwa "pole sana" na "tuko pamoja katika maombi". Mimi na dada tulitoa tulichoweza, na pensheni ya mwalimu mnaijua. Miezi ikapita. Alipouza, wale walioshindwa kuja kumjulia hali mgonjwa walifika kikaoni wote, wengine kwa basi la usiku.

Hapo ndipo nikawaomba tusome Mambo ya Walawi, sura ya 25. Mungu anasema kule kwamba ardhi isiuzwe moja kwa moja, kwa kuwa ni yake yeye, na sisi tumekaribishwa tu juu yake. Baba mdogo alifurahi kusikia hivyo. Lakini sheria ile haiishii hapo, wala haimkemei aliyeuza. Inaanza na ndugu aliyefilisika akauza sehemu ya milki yake, kisha inamgeukia jamaa yake wa karibu: aende akakikomboe alichouza nduguye. Amri imewekwa juu ya jamaa. Asipopatikana mkombozi, kuna hesabu ya miaka, na mwishoni kabisa kuna mwaka wa hamsini, wa yubile, ambapo kila mtu hurudi kwenye milki yake. Hakuna mahali katika sura ile panapomruhusu jamaa kukaa kimya wakati wa umaskini, kisha akadai shamba bila kutoa fedha.

Kitabu cha Ruthu kinatuonyesha mtu wa namna hiyo. Boazi aliketi langoni pa Bethlehemu na wazee kumi, akamwita jamaa aliyekuwa karibu zaidi na marehemu Elimeleki. Yule alipoambiwa kuna shamba, akasema atalikomboa. Alipoambiwa kwamba pamoja na shamba yuko mjane Mmoabi wa kuchukuliwa, akarudi nyuma na kuvua kiatu chake, ishara ya kuiacha haki yake. Alitaka ardhi bila watu wake. Biblia haikuhifadhi hata jina lake.

Kwetu Kagera tunayo kesi yetu wenyewe, na sisi watoto wa kike hatuwezi kuisahau. Mwanamke mmoja wa Kihaya alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka akaona hana wa kumtunza, akaiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu, mpwa wake alikuwa mahakamani akitaka mauzo yafutwe. Kanuni za urithi za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, si kuiuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema ubaguzi huo haupatani na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Mauzo yakabaki halali. Kisha akampa mpwa miezi sita: ukiitaka ardhi ya ukoo, mrudishie mnunuzi shilingi zake 300,000. Hukumu hiyo naiona karibu sana na Walawi. Ukoo haukunyimwa ardhi. Uliambiwa ulipe.

Jirani yetu, mwalimu wa madrasa, aliniambia kwamba na wao wana shufaa: mshirika katika mali ana haki ya kutangulizwa kabla ya mgeni, lakini kwa bei ile ile aliyotoa mgeni. Hata sheria ya nchi inakiri kwamba hakuna kati yetu mwenye ardhi kamili, maana ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake.

Sisemi kwamba kila anayeuza ana haki. Msimamizi wa mirathi anayeuza mafungu ya wadogo zake kabla ya kugawa, akatia fedha mfukoni, ni mwizi, na mahakama imtendee kama mwizi. Mdogo wangu aliuza fungu alilogawiwa mbele ya ukoo, mkewe akitia saini, halmashauri ya kijiji ikijua. Makaburi hayamo katika sehemu hiyo.

Wale wanaosema wafu wananung'unika, nawauliza bibi alibeba nyasi zile kwa ajili ya nini. Alitaka wajukuu wale. Alitaka mgonjwa wa nyumbani apate uji. Kama kibanja chake kimemnunulia mkwe wa mwanawe miezi ya kuishi, sioni alipokosewa heshima.

Kikao kitakaa tena Desemba, watu wakirudi kwa Krismasi. Nimependekeza ajenda ya kwanza iwe mchango wa matibabu, kila nyumba itaje kiasi chake kwa mwezi, na ajenda ya pili iwe kukomboa shamba. Baba mdogo ameandika ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Kuhusu ya pili bado tunabishana, kwa sababu kijana aliyenunua alilipa fedha halali, ana watoto wake, na amekwisha panda mibuni. Tukilitaka shamba, itabidi tumwendee kwa adabu, na miche yake tuihesabu kwenye bei.