Fardhi na Hiari katika Michango ya Mataifa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 umewafaradhishia wanachama wote kubeba gharama za umoja huo, kila mmoja kwa kadiri aliyopangiwa na Baraza Kuu, hata ikawa taifa fukara kuliko yote hudaiwa sehemu moja katika laki moja ya bajeti ilhali Marekani hudaiwa asilimia 22. Na alimbikizaye deni la miaka miwili huweza kukosa haki ya kura. Ni kanuni ya insafu, nami naisifu. Lakini sisi wa Pajulu, huku West Nile nchini Uganda, tunaoyaona malori ya posho yakielekea makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi, tunajua mahali kanuni hiyo inapokomea.

Sheria iliyoliasisi Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR) mwaka 1950 iliruhusu gharama za uendeshaji wa ofisi pekee zitoke katika michango hiyo ya lazima, na mengineyo yote yategemee hiari ya wafadhili. Na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani nalo huishi kwa hiari tupu. Basi meza ya karani imo katika fardhi, na unga wa mtoto umo katika sadaka. Aprili 2020, hiari ilipopungua, posho ya wakimbizi nchini Uganda ilikatwa asilimia 30, na mama aliyezoea kujitwisha kilo kumi za mahindi akarudi na saba, watoto wakiwa wale wale.

Mwenye hoja atasema kwamba utoaji wa kulazimishwa hauna ikhlasi. Sikubali. Zaka ni nguzo ya dini, kiwango chake katika fedha ni sehemu moja katika arobaini, na miongoni mwa makundi manane yanayoistahiki yumo msafiri aliyekatikiwa njiani; nayo, pamoja na kuamrishwa, haisihi pasipo nia. Kinachofaradhishwa ni haki ya mpokeaji. Ikhlasi ni siri baina ya mtoaji na Mola wake, na mwenye njaa hapaswi kungoja hadi moyo wa tajiri utakasike.

Wala utoaji si wa fedha pekee. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, watu wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan, wakapokewa. Vita vilipozuka upya Juba, Sudan Kusini, Julai 2016, wenye ardhi wa West Nile, ambayo ni ardhi ya ukoo wala si ya serikali, waliridhia ikatwe viwanja vya wageni. Ningependa kila eka ya namna hiyo iandikwe kwa thamani yake katika hesabu za michango ya mataifa, upande wa Uganda, kabla ya mkutano wowote kukaa kutuhesabia misaada tuliyopewa.