Mwenye Elimu na Baraza la Watu Wote

Yafaa kujiuliza: mwenye elimu atangaze uvumbuzi wake upesi kiasi gani? Zamani wenzake waliupima kwanza, ndipo ukachapwa, miezi ikapita. Leo mitandao ya kijamii yampa baraza la dunia nzima kwa dakika moja.

Tarehe 11 Januari 2020 Edward Holmes wa Sydney, kwa idhini ya mwenzake Zhang Yongzhen wa Shanghai, aliweka katika intaneti ramani ya vinasaba vya kirusi kipya cha korona, akaitangaza kwa Twitter. Mara wataalamu wakaanza kutengeneza vipimo na chanjo. Nani angethubutu kuwaambia wangoje?

Mwisho wa mwezi uo huo wengine walitoa andiko lisilopimwa, wakidai kwamba kirusi hicho kina vipande vinavyofanana ajabu na vya virusi vya UKIMWI. Twaona tofauti kubwa: Holmes alitoa ushahidi ili wenzake waukague, hawa walitoa hukumu. Wataalamu walilikosoa papo hapo, katika Twitter ile ile, nalo likaondolewa baada ya siku chache tu. Lakini uvumi ulikwisha kutoka, na aliyeusikia sokoni hakuwapo barazani andiko lilipokosolewa.