Kicheko Kisicho na Kesho

Methali zetu za malezi hutazama mbele. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika zote hizo mtoto ni mtu atakayekuja, na huyu aliyepo leo ni maandalizi ya huyo. Hata washairi wetu wakubwa walipoketi kuwaandikia watoto wao, waliandika wasia. Mwana Kupona alimwachia bintiye utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akimfunza dini, adabu na namna ya kuishi na mume. Shaaban Robert aliandika Utenzi wa Hati kwa ajili ya bintiye na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe. Ni kazi za mapenzi makubwa na sitaki kuzipunguzia hata chembe. Ila ukizifunga, bado hujui watoto hao walikuwa wakicheka nini na wazazi wao siku ambazo hapakuwa na somo lolote la kutoa.

Dakika hizo ndizo ninazotaka kuzizungumza. Naamini ndani yake kuna kitu ambacho malezi yote yaliyobaki hayana, na kwa kuwa hakuna anayekisimamia wala kukidai, ni rahisi kukipoteza bila kujua.

Chukua jambo la kila siku. Uani kwenye nyumba ya kupanga, jua linazama, mama anamwogesha mwanawe wa mwaka na nusu ndani ya beseni. Ana haraka. Mkaa umeshashika, maharage yanamsubiri, na mpangaji mwenzake ameshauliza mara mbili kama bomba liko wazi. Anamsugua mtoto shingoni kwa dodoki, mtoto anajikunja kwa kutekenyeka, kisha anayapiga maji kwa kiganja. Maji yanamrukia mama usoni na kulowesha kitambaa cha kichwani. Mama ananyamaza. Mtoto naye ananyamaza, macho yote kwenye uso wa mamaye, mkono bado uko juu. Halafu mama anainua mkono wake, anauacha hewani kidogo, anayapiga maji. Mtoto anacheka kile kicheko cha tumboni kinachomkata pumzi, anapiga tena, mama anajibu, na kwa dakika mbili tatu hakuna sabuni, hakuna maharage, hakuna bomba. Mpangaji mwenzake aliyekuja na ndoo kudai zamu yake anabaki amesimama, naye meno nje.

Kinachonivuta hapo ni ule ukimya. Mtoto hakujua alichokifanya ni kosa au ni mchezo. Alikuwa anasubiri uso wa mamaye umwambie. Mama naye, nadhani, hakujua. Angeweza kumkaripia na hakuna ambaye angemlaumu. Mkono ukainuka. Huwezi kusema aliamua, kwa maana ile tunayosema mtu ameamua kununua kiwanja, wala huwezi kusema alisukumwa. Jambo lilitokea kati yao, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kulitoa peke yake. Ndivyo ilivyo hata kwa kutekenyana: hakuna mtu anayeweza kujitekenya mwenyewe akacheka. Mwaka 1998 mwanasayansi wa ubongo Sarah-Jayne Blakemore na wenzake kule London walionyesha sababu yake, kwamba ubongo hubashiri matokeo ya mwendo wa mwili wake mwenyewe na kuyafifisha kabla hayajahisiwa. Mkono wa mwenzako haubashiriki hivyo. Furaha ninayoizungumza ni ya namna hii. Huingia kupitia mtu mwingine, mahali ambapo hukujiandaa.

Aristotle, alipochambua urafiki katika kitabu chake cha maadili, aliuweka upendo wa mzazi na mtoto kwenye kundi la urafiki wa wasiolingana. Mzazi amempa mtoto uhai wenyewe, deni lisilolipika, kwa hiyo mmoja hukaa juu na mwingine chini. Kwa sehemu kubwa ya siku nakubaliana naye. Mzazi ndiye anayejua muda wa kulala, dawa inayonyweka, moto unaounguza, na mtoto asiye na mtu wa kuyajua hayo yumo hatarini. Lakini kwenye beseni lile nani alikuwa juu? Mtoto ndiye aliyeanza. Mama ndiye aliyefuata. Yule mdogo alitoa wazo na mkubwa akalipokea, kisha wakapokezana, na ukimuuliza mpangaji mwenye ndoo ni nani aliyekuwa anamchezesha mwenziwe, hatakuwa na jibu. Nasema kwamba hapo palikuwa na usawa wa kweli, haukuwa wa kuigiza, na kwamba sioni mahali pengine mzazi na mtoto mdogo wanapoupata.

Mtu anaweza kusema namsifia mtoto kupita kiasi, kwamba kichanga ni chombo tu cha kupokea. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick alifanya jaribio ambalo tangu hapo limerudiwa mara nyingi. Mama alikaa uso kwa uso na mtoto wake wa miezi michache, wakacheza kama kawaida yao. Kisha mama aliambiwa autulize uso wake kwa dakika chache: asicheke, asiseme, asijibu chochote. Mtoto alishtuka upesi. Akatabasamu ili amrudishe mama. Akatoa sauti, akanyoosha mikono, akajaribu kila alichokuwa nacho. Aliposhindwa aligeuza uso pembeni; baadhi ya watoto walilia. Kwangu uzito wa jaribio hili haumo kwenye machozi. Umo katika yale majaribio yaliyotangulia machozi. Kiumbe ambaye hajaweza hata kutambaa aliifanyia kazi furaha ya watu wawili. Aliijua kuwa ni yao wote, na ilipovunjika alijitwika kuitengeneza.

Sasa niingie kwenye pingamizi zito zaidi, lile la heshima. Wazee wetu walikuwa na hofu ya kweli hapa. Ukicheza na mbwa, atakufuata msikitini. Methali hii niliisikia akiambiwa baba aliyekuwa amepiga magoti barazani huku mwanawe amempanda mgongoni, na aliyemwambia hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kwamba mtoto akizoea kumwona baba yake chini, kesho hatamsikiliza akiwa amesimama.

Ila huko msikitini kwenyewe kuna kisa ambacho Waislamu wa pwani wanakijua vizuri. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiswalisha, akasujudu, na sijida ikawa ndefu hata maswahaba wakadhani kuna jambo limempata au wahyi unashuka. Walipomuuliza baada ya swala aliwaambia kwamba mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha mpaka atosheke. Safu nzima ya watu wazima ilingoja paji la uso likiwa chini kwa sababu mtoto alikuwa hajamaliza kupanda. Wala swala haikuharibika, wala heshima ya aliyekuwa mbele haikupungua.

Tofauti na hapo ni kisa cha Agesilaus, mfalme wa Sparta, anachokisimulia mwandishi wa kale Plutarch. Rafiki yake alimkuta nyumbani amepanda fimbo kama farasi, anacheza na watoto wake. Mfalme alimwomba asimwambie mtu mpaka naye awe baba. Mtu aliyeongoza majeshi aliona aibu ya fimbo ile, na bado hakuiacha. Naona akina baba wengi wa kwetu wakiwa hapo alipokuwa Agesilaus: ndani wanacheza, mlango ukigongwa wanavaa uso.

Jamii zetu nyingi zilipata njia yao ya kulitatua hili, na ni njia ya busara. Ziligawa kazi. Baba na mama walipewa mafunzo na adhabu. Babu na bibi wakapewa utani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu na kumdai kitenge cha sikukuu. Mjukuu naye humtisha babu yake kwamba atamnyang'anya mke, na babu hujibu kwamba mwanamume asiyejua hata kufunga kamba za viatu ataoa wapi. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, aliyeandika juu ya utani mwaka 1940, aliona kwamba uhuru huu wa babu na mjukuu ulikwenda sambamba na ukali wa mzazi kwa mwanawe. Usawa ninaousema ulikuwa na nyumba yake. Mtoto alijua akivuka ua atakuta mtu mzima ambaye anaweza kumchokoza naye akamchokoza.

Ila mgawanyo huo ulitaka ua uwepo, na bibi awe upande wa pili. Mtoto anayekulia vyumba viwili vya Mbagala au Kitengela bibi yake yuko safari ya siku nzima kwa basi. Zile kazi mbili sasa ziko mikononi mwa watu walewale, na watu hao wanatoka kukiwa giza na kurudi kukiwa giza. Siwezi kumwambia dereva wa bodaboda aliyezunguka juani tangu alfajiri kwamba anapaswa sasa kuwa pia babu. Wala sitarudia lile neno la wageni, kwamba maskini wa Afrika wana furaha kuliko wenye navyo. Uchovu huua kicheko, na umaskini huleta uchovu. Ninachoweza kusema ni kwamba jambo lenyewe halidai muda mrefu. Lile la kwenye beseni halikufika dakika tano, na lilitokea ndani ya kazi, kazi ikiendelea.

Kinachonisumbua zaidi ya uchovu ni simu. Mtoto anaanza kitu cha kuchekesha, mkono wa mzazi unakwenda mfukoni, na mara unasikia: hebu rudia, mwanangu, rudia nikuone. Sina ugomvi na picha. Na mimi ninazo za wangu. Lakini tazama kinachotokea kwenye uso wa anayerekodi. Unatulia. Macho yako kwenye kioo, mdomo umefungwa ili sauti isiingie, mwili hautikisiki ili picha isitikisike. Ni uso uleule wa jaribio la Tronick. Mtoto anarudia mara moja, mara mbili, anamtafuta mwenzake nyuma ya simu, hamwoni. Kilichokuwa cha wawili kimeshapelekwa kwa mtu wa tatu ambaye hayupo.

Nirudi kwenye kesho. Siku hizi hata wataalamu wanatusihi tucheze na watoto, na nashukuru. Tanzania ilizindua mwaka 2021 programu yake ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na uchangamshi wa mapema umo ndani yake pamoja na afya, lishe, ulinzi na usalama. Tunaambiwa kwamba mtoto anayechezwa naye hujenga ubongo, atasoma vizuri, atafanya kazi vizuri. Yote hayo ni ya kweli na serikali inafanya vyema kuyasema, kwa sababu bajeti hupangwa kwa lugha ya faida. Mama wa kwenye beseni, hata hivyo, hakuwekeza kitu. Angekuwa anawekeza asingecheka vile. Mtu anayehesabu faida hubaki nje ya jambo akilitazama, na furaha hii haina nafasi ya mtu wa nje.

Aristotle huyohuyo alisema mtoto hawezi kuitwa mwenye furaha kamili, kwa kuwa umri wake haujamruhusu kutenda matendo makubwa. Tukimwita hivyo, tunasema kwa matumaini ya atakachokuwa. Hapo anakutana na methali zetu, na hapo ninaachana nao wote wawili. Watu wazima wengi hatukumbuki karibu chochote cha kabla ya miaka mitatu. Kicheko cha jioni ile mtoto hatakibeba kama kumbukumbu, kitabaki kwa mama peke yake. Na kuna watoto ambao kesho yenyewe haikuwafikia. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa 2004–05 ulikuta vifo 112 kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai kabla hawajatimiza miaka mitano; ule wa 2022 ulikuta 43. Hatua hiyo ni kubwa na inastahili sifa. Bado 43 ni watoto, na kila mmoja alikuwa na mtu aliyemchekesha.

Kama mtoto ni maandalizi tu, basi hawa walikuwa maandalizi ya kitu ambacho hakikuja, na maisha yao yalikuwa mzigo uliopotea njiani. Siamini hivyo, na sijawahi kumwona mzazi aliyefiwa anayeamini hivyo. Nimekaa matangani mara nyingi nikasikia akina mama wakianza kusimulia. Hawasimulii mtoto angekuwa daktari. Wanasimulia alivyokuwa akiiba kofia ya baba yake, akajificha nayo nyuma ya mlango huku miguu yote iko nje, na baba naye akazunguka nyumba nzima akiuliza kwa sauti kubwa nani kaichukua kofia yangu. Anayesimulia anacheka, waliokaa kwenye mkeka wanacheka, kisha mwingine anaongeza lake. Hakuna anayetafuta faida ya jambo lile wala anayeliona kama hasara. Lilikuwa zima siku lilipotokea, na hata mauti hayakuweza kulipunguza.