Nani Anaandika Orodha ya Mashujaa?

Kamati ya kijiji chetu, huku Kasulu, ilikaa kupanga majina ya kusomwa Siku ya Mashujaa, Julai 25, na jina la baba mdogo likakatwa. Alikwenda Vita vya Kagera akiwa mgambo, lori likapinduka naye usiku. “Huyo hakufa vitani,” akasema mjumbe mmoja, “alikufa ajalini kama abiria yeyote.” Picha yake iko ukutani kwa bibi: kofia imempwaya hadi masikioni.

Shujaa ni nani? Tuseme ni aliyejitoa kwa ajili ya wenzake, tuendelee. Wanaohofia kwamba heshima ikigawiwa kila mtu itashuka thamani wana hoja.

Kinachonichoma ni huyo “abiria”. Abiria hukata tiketi, na dereva akikimbiza gari humkemea au hushuka. Baba mdogo alipakiwa kwa amri. Idi Amin wa Uganda asingevamia Kagera Oktoba 1978, baba mdogo angekuwa shambani akipalilia maharage. Tena, askari wetu 373 walikufa katika vita vile. Waliouawa katika mapigano ni 96 tu. Wale 277 tuwafute? Ndege zetu tatu zilitunguliwa Musoma na walinzi wetu wenyewe, wakidhani ni za adui. Mle ndani namo mlikuwa na abiria?

Wananijibu: risasi ina nia, lori halina. Nia gani? Anayefyatua kuelekea kichakani hamjui kijana wetu kwa jina wala sura. Kama heshima ya marehemu inangoja shabaha ya upande wa pili, basi Amin ndiye anayetuandikia orodha ya mashujaa!

Sisi Waha tulikuwa na swali bora zaidi. Babu zetu walikwenda Tanga kukata mkonge wakiwa manamba, vibarua wa mkataba, na wengine hawakurudi. Nyumbani watu hawakubishana kama ni homa au mashine iliyowaua. Waliuliza: nani alimzika? Mkonge ule uliingiza fedha nchini miaka na miaka, na wakataji wake hawana siku yao.

Hapo ndipo ninapokwama. Kama kutumwa kunatosha, manamba naye aingie. Na dereva wa lile lori, mtu wa Kibondo, anayesemekana alisinzia, akafa palepale? Naye alitumwa. Ukoo wake haujawahi kuja kuliombea jina lake. La baba mdogo nitalisoma, wanipe kipaza sauti wasinipe. La dereva sijui.