Muumini, Sheria ya Nchi na Moshi wa Makaa ya Mawe

Miongoni mwa maswali yanayoletwa na vijana wenye kuitafuta haki, hasa wale walioingia katika Islam karibuni, liko moja ambalo zamani halikuulizwa sana. Wamesikia redioni na kuona katika simu zao ya kwamba huko Ujerumani watu kwa mamia wameingia katika machimbo ya makaa ya mawe pasipo ruhusa, wakakaa chini mbele ya mitambo mpaka ikasimama, kisha wakakubali kubebwa na polisi bila ya kurudisha hata kofi moja. Mambo hayo yalitokea katika machimbo ya Garzweiler mwaka 2015, na mengine yenye kufanana nayo katika kijiji cha Lützerath mwezi Januari 2023. Nao wanauliza: Je, muumini anayeona madhara makubwa yakija juu ya viumbe wa Mungu, aweza kuivunja sheria ya nchi ili ayazuie?

Swali hili limenifikia hata kutoka Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma. Pengine mtu atastaajabu: Waha wana nini na makaa ya mawe? Makaa yanayojulikana kwao ni yale ya miti, ya kupikia maharage. Lakini makaa ya mawe yamo katika nchi yetu, Kiwira, Ngaka na Mchuchuma, wala moshi wake hauulizi mpaka wa mkoa. Basi swali ni la haki, nalo lastahili jibu la makini.

Kwanza yapasa tuwe waadilifu hata kwa jambo tusilolipenda, kwani Kurani Tukufu inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki. Makaa ya mawe yameendesha viwanda na meli, yameyeyusha chuma, na yamewasha taa za mamilioni ya watu. Mtu wa Kasulu aliyeishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, mpaka gridi ya Taifa ilipofika mwaka 2022, hawezi kuudharau umeme. Anajua maana ya zahanati kukaa gizani, na maana ya mtoto kusoma kwa kibatari. Kwa hiyo anayesema juu ya makaa ya mawe bila kukumbuka haja ya maskini, maneno yake hayajatimia.

Lakini madhara yake nayo ni dhahiri. Mwezi Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji wa London kwa siku tano, na wakati ule ilikadiriwa kwamba watu wapatao 4,000 walikufa kwa sababu yake. Ndipo ikatungwa sheria ya hewa safi mwaka 1956. Pia makaa hayo yanapoungua hutoa hewa ya ukaa inayozidisha joto la dunia, na huacha majivu yenye sumu ambayo lazima yatunzwe mahali. Mkulima ambaye hajawahi kuliona jiwe la makaa hulipa deni hilo kwa mvua zinazochelewa au zinazokuja kwa mafuriko.

Mtume Mtukufu s.a.w. alitupa mfano unaofaa sana hapa. Alieleza juu ya watu waliogawana nafasi katika jahazi, wengine juu na wengine chini. Wale wa chini, ili wasiwasumbue wenzao kila wanapotaka maji, waliona heri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe. Kama wa juu wakiwaacha, wataangamia wote. Na kama wakiwashika mikono, wataokoka wote. Ndugu msomaji, tazama hekima iliyomo. Wale watoboaji hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na kiu, na walifanya katika fungu lao. Hata hivyo wenzao waliambiwa wasinyamaze. Basi kunyamaza mbele ya madhara ya watu wote si uchaji, bali ni kuzama pamoja nao.

Ama namna ya kumshika mkono mwenye kutoboa, hapo ndipo penye swali lenyewe.

Islam imemwamuru muumini awatii wenye mamlaka. Amri hiyo ina mpaka mmoja: hakuna kumtii kiumbe katika kumwasi Muumba. Wengi huutaja mpaka huo wasiupime. Lazima tutofautishe mambo mawili. La kwanza ni mtu kuamriwa yeye mwenyewe atende dhambi: aseme uwongo, atie sahihi ya kughushi, amdhulumu yatima. Hapo atakataa, na atavumilia adhabu. La pili ni mtu kuona wengine wanatenda ubaya, naye kutaka kuwazuia kwa kuvunja sheria ambayo yenyewe si dhambi kuitii, kama sheria ya kutofunga barabara. Kwa jambo la pili mtu hawezi kusema ya kwamba Mungu amemlazimisha, maana njia nyingine zingali mbele yake.

Utazame mfano wa Makka. Miaka 13 Mtume Mtukufu s.a.w. alihubiri katika mji ambao nyumba ya Mungu imejazwa masanamu. Hakuna ubaya aliouchukia kuliko huo. Lakini katika miaka yote hiyo hakuwatuma masahaba usiku kwenda kuvunja hata sanamu moja. Bilal r.a. aliburutwa juu ya mchanga wa moto, akakataa kumkana Mungu Mmoja. Hilo ndilo lile la kwanza. Wengine walihamia Uhabeshi. Masanamu yaliondolewa siku ile Mtume s.a.w. alipoingia Makka akiwa na mamlaka juu yake, mwaka 630.

Pengine mtu atauliza: Je, Nabii Ibrahimu a.s. hakuyavunja masanamu ya watu wake? Ndiyo, aliyavunja, nasi hatulifichi jambo hilo. Lakini tazama alivyofanya. Hakumgusa mtu. Aliliacha lile kubwa ili awaulize swali litakalowaamsha akili. Wala hakukimbia, aliitwa, akasimama mbele ya watu wote, na hata alipotishwa kwa moto hakuyarudisha maneno yake. Basi wale wa Ulaya wanaoketi mbele ya mitambo na kujitoa wenyewe mikononi mwa polisi wamefanana naye katika jambo hili moja, kwamba hawajifichi wala hawamdhuru mtu, nasi haitupasi kuwatukana. Mwaka 2008 baraza la wazee wa mahakama katika mji wa Maidstone, Uingereza, liliwaachia huru watu sita waliohusika na kupanda bomba la moshi la kituo cha umeme cha Kingsnorth mwaka uliotangulia. Hata hivyo, tendo la nabii mmoja katika saa yake si ruhusa kwa kila mwenye hasira. Leo anayefunga barabara ni mpenda miti. Kesho atakuwa mwenye chuki ya kabila, naye atasema dhamiri yake imemtuma. Sheria ikivunjwa kwa wema, mlango ule ule huachwa wazi kwa waovu. Na fujo ikizuka, maskini ndiye wa kwanza kuumia.

Je, basi kuna matunda katika njia ya sheria? Twende Lamu, katika pwani ya Kenya. Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga huko Kwasasi kituo cha umeme wa makaa ya mawe chenye nguvu ya megawati 1,050, karibu na mji wa kale ambao UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 2001. Idhini ya mazingira ilitolewa mwaka 2016. Wavuvi na wazee wa Lamu walihofia bahari yao, samaki wao na mikoko yao. Waliandamana, na baadhi ya watetezi walitishwa na kukamatwa. Lakini hawakuchoma kitu. Chama cha Save Lamu pamoja na wakazi watano walikwenda mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira, nalo tarehe 26 Juni 2019 likaifuta idhini ile, hasa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2020 benki kubwa ya China iliyotazamiwa kutoa mkopo ikajitoa. Kampuni ilikata rufaa, na mwezi Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa rufaa hiyo. Tangu idhini mpaka hukumu hiyo ni miaka tisa. Jiwe halikurushwa, na bomba la moshi halikusimama.

Sasa sikiliza hoja iliyo nzito kuliko zote, ambayo mwandishi mwaminifu hawezi kuiruka. Katika kijiji cha Aberfan, nchi ya Wales, taka za machimbo ya makaa ya mawe zilirundikwa mlimani juu ya shule. Mwaka 1963 barua za kuonya juu ya hatari hiyo ziliandikwa. Barua zilijibiwa, lakini lundo halikuondolewa. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo liliporomoka asubuhi, wakafa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Na huko KwaZulu-Natal, Afrika ya Kusini, bibi mmoja aitwaye Fikile Ntshangase, aliyepinga kupanuliwa kwa machimbo ya Somkhele kwa njia ya amani, alipigwa risasi nyumbani kwake tarehe 22 Oktoba 2020, akafa. Mtu atasema: Ziko wapi faida za barua na subira?

Hoja hii haijibiwi kwa maneno mepesi. Mimi nasema hivi. Aberfan haitufundishi ya kwamba njia ya haki ni bure, bali kwamba barua moja haitoshi. Subira katika Islam siyo kukaa kimya. Ni kushikilia jambo jema bila kuliacha na bila kulichafua. Aliyeandika mara moja aandike mara kumi. Aliyekwenda peke yake aende na kijiji kizima. Na kiongozi anayepokea barua kama ile akaiweka kabatini, ajue kuwa ataulizwa mbele ya Mungu kwa kila mtoto. Mzigo wa utii ulio juu ya raia una mwenzake, nao ni mzigo wa uadilifu ulio juu ya mtawala.

Tena yako mambo mengi ambayo mtu aweza kukataa bila kuivunja sheria. Aweza kukataa kuuza ardhi yake. Aweza kukataa bahasha. Aweza kukataa kutia sahihi asichokisoma. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Hawakuanzisha vita. Walichanga fedha zao, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952, akasimama mbele ya dunia akaeleza dhuluma ile. Hakurudi na ardhi siku hiyo, lakini sauti yake ilisaidia kuamsha nchi nzima, na miaka tisa baadaye Tanganyika ikawa huru.

Basi, ndugu zangu wa Kibondo na Kasulu, hekima hii ina kazi kwenu hata pasipo mgodi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji neno juu ya ardhi yenu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imempa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi na salama. Hudhurieni mikutano hiyo, msiwaachie wachache. Someni kila karatasi kabla ya kidole kuguswa wino. Shirikianeni na jirani wa dini nyingine, kwani Mtume Mtukufu s.a.w. kabla ya utume aliingia katika mapatano ya watu wa Makka ya kumsaidia mwenye kudhulumiwa, na baadaye akasema lau angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitikia.

Wala msisahau tundu lililo katika fungu lenu wenyewe. Misitu yenu inakatwa kwa kuni na kwa mkaa, na wakimbizi wa Nyarugusu na Nduta wametafuta kuni zile zile mnazozitafuta. Mwenye kulaumu moshi wa mbali na huku anafyeka miti ya chanzo cha maji bila kupanda hata mche mmoja, ushahidi wake ni dhaifu. Apande kwanza, kisha aseme, na neno lake litakuwa na uzito. Mtume s.a.w. ametufundisha ya kwamba muumini akipanda mti, naye ndege au mtu au mnyama akala katika mti huo, amepata sadaka.

Muhtasari wake ni huu: usinyamaze, usivunje, usichoke. Atakayeshika moja katika hayo matatu na kuyaacha mawili hajafika. Asiyevunja lakini amenyamaza ni mwoga, na asiyenyamaza lakini anavunja aweza kuongeza dhuluma juu ya dhuluma.

Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi wetu masikio yenye kusikia kabla mlima haujaporomoka, naye atujaalie sisi ulimi wa kweli, mikono safi na moyo usiokata tamaa. Amin.