Mwaka Mzima, Kitabu Mkononi

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga ambayo leo tunaiita Walikale, mtambaji Candi Rureke alisimulia, akaimba na kucheza hadithi ya Mwindo kwa muda wa siku 12. Pembeni yake walikaa watu na kalamu wakiandika kila neno. Miongoni mwao alikuwa Daniel Biebuyck kutoka Ubelgiji, ambaye alishirikiana na kijana Mnyanga, Kahombo Mateene, kuitafsiri hadithi hiyo. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha California kikachapa kitabu chao, na tangu hapo wanafunzi wa Marekani wanamsoma Mwindo darasani: mtoto aliyezaliwa anatembea na kusema, aliyewindwa na baba yake mwenyewe, akamfuata baba huyo hadi kuzimu, akamrudisha hai na kupatana naye. Kijana Mateene naye hakuishia hapo. Alikuja kuongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kule Kampala.

Ndugu zangu wa Masisi na Walikale, niambieni: mtoto wa Pinga amemsoma Mwindo? Mtoto wa Kibua je, wa Nyabiondo, wa Rubaya? Hadithi iliyotoka vinywani mwa babu zetu imevuka bahari ikakaa kwenye rafu za watu wengine. Hakuna sheria inayosema rafu yetu ibaki tupu. Mwaka huu tuijaze, sisi wenyewe, watoto na wazee pamoja.

Najua neno linalokuja. Maktaba gani, katika nchi ambayo madarasa yanalaza waliokimbia vita, na barabara ya Walikale inameza malori? Nimelisikia neno hilo mara nyingi na siwezi kulipokea. Maktaba si lazima iwe jengo. Mwaka 2014 shirika la Maktaba Bila Mipaka lilipeleka Burundi masanduku yake ya kwanza, Ideas Box, yenye vitabu na kompyuta ndogo, katika kambi za wakimbizi Wakongomani. Watoto wetu walisoma kule, juu ya vilima vya ugenini. Kilichowezekana kambini kinawezekana Kitchanga. Vitabu 20 vinaingia katika mfuko mmoja wa mgongoni. Mfuko unapanda pikipiki, unapanda chukudu, na siku mbaya ikifika, unakimbia pamoja na mama aliyeubeba. Jengo haliwezi kukimbia.

Basi tuanze na Septemba, shule zinapofunguliwa. Kwa wadogo wanaoanza kuunganisha herufi, vipo vitabu vya picha vya African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini. Vipo kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na havilipiwi. Mtu mmoja akifika Goma au mahali penye intaneti anavipakua, anavitia kwenye kadi ya simu, na kijiji kizima kinavirushiana simu kwa simu bila kutumia hata megabaiti moja. Mwalimu, chukua hadithi moja, uisome kwa Kiswahili leo na kwa Kifaransa kesho. Mtoto ambaye tayari anajua kisa hataogopa lugha ngeni. Na wewe mzazi uliyeacha kusoma siku ulipoacha shule, rudi na Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Ni chembamba. Humo yumo Karama, anayeshitakiwa kwa sababu tu anataka kuwafundisha watu sheria, naye anasimama mbele ya wakubwa bila silaha yoyote isipokuwa maneno yake. Soma hukumu yake polepole, kisha sema kama hiyo si habari ya nchi unayoijua.

Oktoba na Novemba mvua inapiga Masisi, na Walikale haijui sana kupumzika na mvua. Hizo ndizo jioni za Mwindo. Hapa nataka tufanye kazi, si kusikiliza tu. Kila kijiji kina mzee au bibi anayeshika hadithi, kwa Kinyanga, Kihunde, Kinyarwanda, Kirega, Kikumu au Kitembo. Mketisheni karibu na moto, mpeni chakula, na vijana wawili wa sekondari waandike anachosema, mmoja kwa lugha ya mzee, mwingine kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo Rureke na waliomwandika walivyofanya. Ifikapo Noeli mtakuwa na kitabu cha kwanza cha maktaba yenu, kimeandikwa kwa mkono, chenye jina la mzee wenu juu ya jalada. Kazi hii haingoji. Mzee akifa kabla ya kuandikwa, hakuna duka litakalotuuzia alichokijua. Na vijana watakaomwandika Mwindo wasikatishe njiani. Baada ya ushindi wake wote, shujaa huyu anaua joka, na Nkuba, bwana wa radi, anampeleka angani akapigwe na baridi, mvua na jua mpaka majivuno yamwishe, ndipo anarudi kuwapa watu wake sheria za kuishi pamoja. Kwa vijana wetu wanaoitwa kila siku washike bunduki, sijui somo lililo bora kuliko hilo, nalo limetoka hapahapa.

Desemba nyumbani, familia nzima isome Mwana Mdogo wa Mfalme, kazi ya Saint-Exupéry iliyotafsiriwa kwa Kiswahili: mtoto aisikilize kama safari ya nyotani, baba aisikilize kama habari ya upweke. Tarehe 17 Januari tunamkumbuka Lumumba, aliyeuawa mwaka 1961. Badala ya hotuba peke yake, vijana wa sekondari wagawane sehemu za tamthilia ya Aimé Césaire, Une saison au Congo, waisome kwa sauti uwanjani.

Machi ni ya akina mama, na hapa naomba wanaume wafike pia. Barua Ndefu kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegali ipo kwa Kiswahili. Ni mjane anayemwandikia rafiki yake, na ni wajane wangapi tulionao katika vilima hivi? Mama anayejua kusoma awasomee wenzake kurasa chache baada ya mkutano wa likelemba, kisha waongee. Wanaoweza Kifaransa wasome La force des femmes cha daktari wetu Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Ni kizito, kisisomwe na mtu peke yake usiku.

Tarehe 30 Aprili ni siku ya walimu. Zawadi yao iwe kitabu, angalau mara moja. Wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa Serikali wapewe Shujaa Okonkwo, tafsiri ya riwaya ya Chinua Achebe.

Vakansi ya Julai na Agosti ni ndefu, na kwa watu wazima nina vitabu viwili vinavyopaswa kusomwa kwa pamoja. Cha kwanza ni maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Misafara yake ya pembe na watumwa ilifika Kasongo, kwa jirani zetu wa Maniema, na Kiswahili tunachokisema kilipanda bara kwa njia kama hizo. Kisomeni na kalamu mkononi. Ulizeni kila ukurasa: waliobeba pembe wako wapi, mbona hawasemi? Halafu fungueni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobel mwaka 2021, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Mle safari inaonekana kwa macho ya mvulana aliyetolewa na baba yake kulipa deni. Watu wa Masisi na Walikale, ambao madini yao hubebwa mgongoni na vijana huku faida ikiliwa mbali, watakuwa na mengi zaidi ya kusema kuhusu vitabu hivi kuliko wasomi wengi wa mijini.

Hamtavipata vyote mwaka wa kwanza. Hilo lisiwazuie. Ndugu zetu walioko Goma, Kampala, Rwamwanja, Nairobi na Ulaya, ninyi mnaotuma pesa kila mwezi: mwezi mmoja tumeni kitabu. Anayekuja kwa pikipiki akija, aulizwe amebeba nini cha kusoma.

Na ninyi mlioko kilimani, msingoje mfuko ujae. Jumapili hii, baada ya misa, ibada au swala ya adhuhuri, watu watano wakubaliane. Mmoja atunze vitabu, mmoja aandike katika daftari nani amechukua nini, wawili wazunguke wakiuliza nani ana kitabu chochote nyumbani, hata kilichong'oka jalada. Wa tano awasomee watoto jioni hiyohiyo, kabla giza halijaingia.