Mizani na Dhamiri

Umeme ni mali isiyoshikika mkononi, na kwa hiyo kuugawa kwa haki ni kazi ngumu. Mafuta ya taa yalipimwa kwa chupa, na kila mnunuzi aliiona chupa yake. Umeme wa jua uliokusanywa kwa ajili ya kijiji kizima hauna chupa. Achotaye kupita kiasi hajulikani, na apunjwaye hutambua baada ya kuingia gizani.

Katika mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikubali kugharimia mpango wa umeme wa jua katika kaunti 14 za Kenya zilizokuwa zimeachwa nyuma, kama vile Turkana, Marsabit na Mandera. Gridi ndogo ni sehemu ya mpango huo. Gridi ya namna hii ni paneli, betri na nyaya zinazotosha mji mdogo au kijiji. Ndani yake huweza kuwekwa vitambuzi, yaani vyombo vidogo vinavyopima akiba iliyomo betrini na umeme uingiao katika kila nyumba, kisha vikapeleka habari kwa mtandao wa simu hadi kwa msimamizi aliye mbali. Betri ya risasi ikizoeshwa kutolewa zaidi ya nusu ya akiba yake, umri wake hupungua. Basi akiba ishukapo hadi kiwango kilichowekwa, mtambo huwakatia baadhi ya watumiaji ili wote wasikose.

Sasa fikiri, msomaji: mtambo ukatapo, nani ameamua? Yamkini utaambiwa kwamba kompyuta ndiyo iliyoamua. Neno hilo si kweli. Kitambuzi hujua kiasi, hakijui thamani. Umeme upozao jokofu la chanjo na umeme uchezao muziki wa kilabuni ni sawa mbele yake. Kuna mtu aliyeandika mapema nani atangulie kukatiwa, na haifai mtu huyo ajifiche nyuma ya mashine.

Tena, mita ihesabuyo kila dakika hujua saa mnayolala, na siku nyumba yenu isipokuwa na mtu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na sheria ya kulinda data ilipitishwa mwaka 2019. Lakini sheria haimsaidii asiyejua kwamba anatazamwa.

Wengine watasema, heri tuviondoe vitambuzi, majirani waaminiane. Uaminifu ni johari. Lakini pasipo kipimo mwenye nguvu hushiba, na mnyonge hana ushahidi wa njaa yake. Kipimo ni wakili wa mnyonge. Ubaya haumo katika kupima, umo katika kupima kwa siri.

Basi hapana budi utaratibu wa kukata umeme uamuliwe barazani, mchana, kabla ya giza kuingia, na kila nyumba ionyeshwe hesabu yake. Msimamizi naye apimwe: ameuza kiasi gani, amekata mara ngapi, kwa sababu gani. Wewe usomaye leo huenda kesho ukawa fundi wa mitambo hiyo. Kumbuka kwamba mizani ya haki ni ile ambayo muuzaji na mnunuzi huutazama mshale mmoja.